Nimealikwa Ijumaa na wahudumu wa Yellow Deli, hawa ni dhehebu gani?

mgeni_wa_tennessee: Habari zenu wakuu. Mi nipo Chattanooga, Tennessee, huku Marekani nimekuja kusoma, hapa jirani na chuo kuna mgahawa unaitwa Yellow Deli, ndani mbao tupu kama nyumba ya kwenye hadithi. Wako wazi saa 24 ila Ijumaa alasiri wanafunga mpaka Jumapili mchana. Sandwichi zao zimeshiba kwelikweli na wana chai ya yerba mate, yale majani ya Amerika Kusini. Wanaume wana ndevu na nywele wamefunga nyuma, wadada magauni marefu, wapole mpaka unajihisi umekosea kitu. Juzi nikamuuliza kaka mmoja hapa wanalipa shingapi kwa saa, akacheka, eti hatulipwi, tunaishi pamoja na kila kitu ni cha wote. Kanialika Ijumaa jioni kwao kuna msosi na kucheza ngoma za duara. Niende au ni mtego?

BabuUghaibuni: Mdogo wangu hao ni Twelve Tribes, yaani Makabila Kumi na Mawili, na wewe uko kitovuni kabisa. Walianzia hapohapo Chattanooga mwanzoni mwa miaka ya 70, Gene Spriggs na mkewe Marsha, enzi zile vijana wa nywele ndefu wanaokoka kwa makundi. Yellow Deli ya kwanza ni ya 1973. Baadaye wakahamia jimbo la Vermont, hapo mjini kwako wakaja kurudi na mgahawa 2008. Spriggs kafariki 2021 lakini kazi inaendelea, wapo mpaka Australia. Ukijiunga unatoa vyote, gari, akiba, hata jina, unapewa la Kiebrania. Halafu sheria ya kodi ya Marekani ina kifungu kinaitwa 501(d) cha jumuiya za dini zenye mfuko mmoja, mapato yanahesabiwa yamegawanywa kwa wanachama wote, ukigawa kwa vichwa vingi kila mtu anaonekana fukara, kodi inakuwa kiduchu. Sasa shindana nao wewe mwenye mgahawa wa kawaida unayelipa mishahara!

mama_pacha: Mbona husemi la watoto babu? Hao fimbo ni mafundisho yao kabisa na hawafichi. 1984 polisi wa Vermont waliwavamia Island Pond alfajiri wakabeba watoto 112, jaji akawarudisha siku hiyohiyo maana serikali ilibeba kijiji kizima bila ushahidi wa mtoto mmojammoja. Ujerumani 2013 ikawa tofauti, mwandishi wa habari alijipenyeza na kamera ya siri akarekodi watoto wanachapwa, wakachukuliwa kama 40, na 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema Ujerumani haikukosea. Najua wengine mtasema sisi wote tumekula bakora. Tumekula ndiyo, ila kwetu hakukuwa na utaratibu wa kumchapa mtoto wa miaka mitatu na watu wazima wamekaa wanaona sawa.

Otis254: Hii story inanikumbusha Shakahola walai. Kimbia!

BabuUghaibuni: @Otis254 tusichanganye. Shakahola watu waliambiwa wafunge mpaka wafe, hawa wanauza chakula. Hakuna anayefungiwa.

kijana_wa_sheria: Kuhusu mshahara kuna kesi tamu. Alamo Foundation, kundi lingine kabisa, walikuwa na vituo vya mafuta na biashara kibao, wafanyakazi ni waumini, malipo ni chakula na malazi. Waumini wenyewe wakaenda mahakamani kusema hatutaki mshahara sisi tunamtumikia Mungu. Mahakama ya Juu ya Marekani 1985 ikasema biashara ni biashara, chakula na kulala ndio mshahara wenu huo, kwa hiyo sheria ya kima cha chini inawahusu. Ndio maana kundi kama Twelve Tribes utasikia wanasisitiza hapa hakuna mwajiri wala mwajiriwa, wote ni wenye mali.

mama_pacha: Mwenye mali ambaye akiondoka anatoka na begi la nguo! Baba yangu mdogo aliuza ng'ombe wote akaingia kwenye kikundi fulani kule nyumbani, sikitaji, miaka 11 analima shamba la wote, alivyotoka hana hata jembe. Kuingia ni kwa ngoma na chakula kitamu. Mtu akitoka ana miaka 45, ameoka mikate miaka 20, hana akiba, ndugu zake wote wako ndani, ataanzia wapi?

mgeni_wa_tennessee: Shikamoo babu, asante dada, asanteni wote. Nitaenda na mwenzangu wa chumbani kwa gari yake, saa tatu usiku tunageuza. Ila sandwichi jamani niache??

mama_pacha: Kula mwanangu, njaa haina dhehebu. Ila bakshishi unayoacha mezani ujue sio ya yule kaka aliyekuhudumia, inaingia kwenye mfuko wa wote.