Makasha matatu ya samaki, karatasi tatu za vipimo: nalinganisha vipi?

Mchuuzi wa Langoni
Asalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Mimi nanunua samaki Kizingitini, nguru na changu zaidi, nawavusha hadi Mokowe, na hapo lori huwabeba kwenda Malindi. Kasha langu la barafu limechoka, kifuniko hakishiki tena. Nimepata matatu ya kuchagua. Bei hazipishani sana na ukubwa ni ule ule: kuta, chini na kifuniko pamoja ni kama mita 6 za mraba.

La kwanza ni la Marekani, lilitolewa kwenye boti ya kitalii. Karatasi yake inasema ukuta unapitisha BTU (kipimo chao cha joto) 2.5 kwa saa kwa futi ya mraba, nje nyuzi 90 za Farenhaiti, ndani 32. La pili ni la Mtaliano anayefunga hoteli yake Malindi: kilokalori 7 kwa saa kwa mita ya mraba, na chini kabisa kwa herufi za sisimizi, "tofauti ya nyuzi 20". La tatu anataka kuniundia fundi wa faiba hapa hapa. Kanionyesha karatasi ya lile povu gumu la njano atakalotumia, unene wa karibu sentimita 9: BTU 0.05 kwa saa kwa futi ya mraba kwa nyuzi.

Simu inaniambia nizidishe kwa 3.15 nipate wati kwa mita ya mraba. Basi la Marekani linapitisha karibu 8, la fundi 0.16. Yaani bora mara hamsini! Fundi anachekelea, lakini mimi siamini. Hilo povu si la mbinguni.

Fundi Friji, Malindi
Waaleikum salaam. Hukukosea kutoamini. Soma tena karatasi ya fundi wako, neno la mwisho: *kwa nyuzi*. Hicho si kiasi cha joto kinachopita. Ni kiasi kinachopita kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya nje na ndani. Vitu viwili mbalimbali, na kila kimoja kina namba yake ya kugeuzia.

Hiyo 3.15 haikushuka tu. BTU moja ni jouli 1055, saa ni sekunde 3600, futi ya mraba ni mita za mraba 0.0929. Gawanya, utapata 3.15. Ikiwepo "kwa nyuzi ya Farenhaiti", unazidisha tena kwa 1.8, kwa sababu nyuzi moja ya Selsiasi ni kubwa kuliko ya Farenhaiti kwa kiasi hicho. Inakuwa 5.68. Povu lako basi ni 0.05 mara 5.68, sawa na wati 0.284 kwa mita ya mraba kwa nyuzi ya Selsiasi. Weka nje 32, ndani sifuri kwenye barafu: 0.284 mara 32 ni wati 9.1.

La Marekani ni wati 7.9, na nyuzi 90 kwa 32 za Farenhaiti ni tofauti ile ile ya nyuzi 32 za Selsiasi, kwa hiyo halihitaji kurekebishwa.

Sasa la Mtaliano, na hapa ndipo wengi hunaswa. Kilokalori kwa saa kwa mita ya mraba unazidisha kwa 1.163. Saba inakuwa 8.1, unaona linakaribiana na la Marekani. Lakini wamelipima kwa tofauti ya nyuzi 20, hali ya hewa ya kwao huko. Kwetu, 8.1 gawanya kwa 20, zidisha kwa 32: wati 13. Ndilo baya kuliko yote, na karatasi yake ndiyo inayopendeza.

Mwana wa Kizingitini
Mtaliano kafunga hoteli, hajafunga mdomo 😄

Mchuuzi wa Langoni
Ahsante sana, bwana fundi. Hizo wati ni kilo ngapi za barafu? Mimi nanunua barafu, sinunui wati.

Fundi Friji, Malindi
Swali zuri kuliko la kwanza. Kilo ya barafu hula kilojouli 334 kuyeyuka. Zidisha wati kwa mita zako 6, kisha kwa sekunde 86,400 za siku nzima. La Marekani litakula kama kilo 12 kwa siku, la fundi wa faiba 14, la Mtaliano 20. Hapo kifuniko kimefungwa na hakuna samaki ndani.

Ukitia kilo 100 za samaki wa moto, nyuzi 28, kuwashusha tu hadi sifuri ni kama kilo 30 za barafu. Kwa hiyo usigombane na fundi wako kwa zile kilo mbili. Kama bei yake ni nzuri na povu analimwaga mpaka kwenye pembe, mimi ningemchukua yeye. Likipasuka, unamjua anakokaa.

Mwalimu wa Fizikia, Faza
Naongeza moja. Hesabu zote hizo ni za kivulini. Jua la mchana mweupe hapa kwetu ni karibu wati 1000 kwa mita ya mraba. Vitabu vya zamani vitakuandikia kalori kwa sentimita ya mraba kwa dakika, na moja ya hizo ni wati 697. Kifuniko cha rangi nzito kikipigwa hivyo, ngozi yake yaweza kufika nyuzi 60, na joto linalopenya hapo juu linakaribia kuwa maradufu. Chagua cheupe, na kwenye boti ulitandikie jamvi au gunia la maji.

Mchuuzi wa Langoni
Nimeelewa. Kesho naenda kwa fundi wa faiba, namwambia alipake rangi nyeupe, na akate bei kwa ile "mara hamsini".