Nina miaka 48 na sijawahi kuendesha pikipiki: nianze na ipi?

MamaWawili
Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie, nitaandika kwa kirefu kidogo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 48. Baiskeli nimeendesha tangu utotoni, gari huu ni mwaka wa 20, ila pikipiki nimepanda kwa kupakiwa tu. Wanangu wamekua, wa mwisho ameondoka nyumbani mwaka jana, na lile jambo nililolitamani tangu usichana limenirudia kwa nguvu. Nataka kujifunza, na nataka ya kwangu mwenyewe. Nitaitumia kwenda kazini na kurudi, kilomita 14 kwa njia moja, nusu yake foleni na nusu barabara kuu. Siku za mapumziko nataka kutoka nje ya mji taratibu, peke yangu.

Kimo changu ni sentimita 160, uzito kilo 63. Goti la kushoto liliumia zamani na siku za baridi huwa linanikumbusha. Jumamosi nilikwenda dukani kutazama. Kuna moja ya cc 650 (ndio ukubwa wa injini), silinda mbili, nyeusi. Moyo wangu umebaki pale pale. Muuzaji akaniambia, "Chukua hii hii, ukianza na ndogo utaichoka ndani ya miezi mitatu, uingie gharama mara mbili." Nilipoikalia niligusa chini kwa ncha za vidole tu. Tangu siku hiyo usingizi hauji vizuri. Mume wangu hajakataa, amesema tu, "Waulize wanaojua." Basi ndiyo nawauliza.

Njia_Nyembamba
Dada, umefanya vema kuuliza kabla ya kulipa. Hiyo 650 iache dukani kwa sasa. Kugusa chini kwa ncha za vidole si tatizo kwa aliyezoea, ila wewe unayeanza, siku utakayosimama penye kokoto au mteremko mguu utateleza na hutaweza kuizuia.

Mkufunzi_Pole
Dada yangu, karibu sana. Nafundisha wanaoanza, huu ni mwaka wa 11, na wanaonijia wakiwa na umri wako ni wengi.

Usinunue chochote kabla hujajifunza. Tafuta mafunzo ambako pikipiki ni ya mwalimu, ndogo, 125 au 150, ambayo wanafunzi wengine wameshaiangusha. Ukishakaa juu yake saa 10 au 15, maswali yako yatabadilika kabisa.

Halafu hili la cc. Kila mtu huuliza "cc ngapi", lakini wanafunzi wangu wengi huanguka wakiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu: anageuza, anaegesha, anasimama kwenye taa. Pikipiki inalala kidogo upande mmoja na mzigo wote unahamia mguu mmoja. Hapo kinachokuhusu ni kilo na kimo cha kiti. Royal Enfield Classic 350 ina nguvu za farasi kama 20 tu, lakini uzito wake unakaribia kilo 195. Yamaha MT-07 ina 689 cc na nguvu zaidi ya mara tatu ya hizo, na bado ni nyepesi kidogo kuliko hiyo Classic. Kwa hiyo pikipiki inaweza kuwa pole ukivuta mafuta lakini nzito kuisukuma, na nyingine ikawa nyepesi lakini ikakurusha ukikosea mkono mara moja. Wewe tafuta iliyo nyepesi na iliyo pole, vyote viwili.

Wanafunzi wangu dakika 20 za mwanzo hawagusi mafuta kabisa. Wanaachia klachi tu, kidogo kidogo, mpaka sauti ya injini inashuka kama mtu aliyetwishwa mzigo, na pikipiki inataka kusogea. Wanashika hapo hapo, wanarudisha, wanaachia tena. Kwenye foleni utaishi mahali hapo, ndiyo maana nataka mkono upajue kabla akili haijaanza kuhangaika na mambo mengine.

Baba_Taratibu
Mimi nilisikia maneno hayo hayo ya "utaichoka ndogo" nikiwa na miaka 51, nikayaamini. Nikanunua kubwa, zaidi ya kilo 230. Siku ya tisa nilikuwa natoka kujaza mafuta, usukani nimeukunja wote kulia, mtu akapita mbele yangu, nikabana breki ya mbele. Ukibana breki ya mbele usukani ukiwa umekunjwa, pikipiki inakulaza palepale, hakuna muda wa kufikiri. Kifundo cha mguu kikabaki chini yake. Watu wawili ndio walioinyanyua. Nilitembea na magongo wiki saba.

Mguu ulipona, lakini woga ulikaa. Nilikuwa nikiitazama imeegeshwa uani, mikono inalowa jasho. Nikaiuza, nikanunua 250 iliyotumika, ndipo nikajifunza kweli. Sasa ni mwaka wa tatu niko na hiyo hiyo 250 na sijaichoka.

Sina_Haja
Samahani dada, nitasema jambo ambalo wenzangu hawataki kulisema. Kaka yangu alikuwa makini, hanywi, hakimbizi. Gari lilikata kona mbele yake. Tulimzika akiwa na miaka 44. Sikuambii usinunue, kwa sababu wewe ni mtu mzima, ila nakuomba ulifikirie tena ukiwa umetulia.

MamaWawili
Pole sana ndugu yangu, Mungu ampumzishe kaka yako. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Ndiyo hofu ya mume wangu pia, ingawa hajaitamka. Mkufunzi, hili la gari kukata kona linajibiwaje? Sitaki kufarijiwa, nataka kujua.

Mkufunzi_Pole
Pole sana Sina_Haja. Na dada, swali lako ni la haki.

Mwaka 1981 ilitoka ripoti ya utafiti wa Harry Hurt na wenzake huko Los Angeles. Walikwenda wenyewe kwenye maeneo ya ajali 900 za pikipiki, wakapima na kuhoji. Kati ya ajali za pikipiki na gari, aina iliyojirudia kuliko zote ni hiyo hiyo: gari linakata kona mbele ya pikipiki inayokuja, na dereva anasema hakuiona. Walikuta pia kwamba wengi sana wa walioanguka hawakuwa wamefundishwa. Walijifunza wenyewe au kwa jamaa.

Kwa hiyo kwenye makutano usingoje kuonekana. Punguza mwendo, weka vidole juu ya breki ya mbele na mguu tayari juu ya ya nyuma. Usiyaamini macho ya dereva, tazama tairi lake la mbele, kwa sababu litageuka kabla gari halijasogea sana. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, na mwendo ukiuzidisha mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Ndiyo sababu mimi kwa anayeanza nasisitiza ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga) kuliko kitu kingine chochote kwenye pikipiki. Ukishtuka utabana breki kwa nguvu zote, kila mtu hufanya hivyo, na bila ABS tairi la mbele likijifunga unaanguka kabla hujalifikia gari lenyewe. Hatari haiishi, nisikudanganye. Inapungua.

Sentimita155
Dada, mimi ni mfupi kuliko wewe na ninaendesha Honda Rebel 500 mwaka wa nne sasa. Kiti chake kiko milimita 690 tu kutoka chini, nyayo zote mbili zinatua. Uzito ni kama kilo 190, si mwepesi, ila uko chini sana ndiyo maana nauweza. Ipo na ya 300, injini ya silinda moja, 286 cc, nyepesi kwa kama kilo 20 hivi. Nikirudi nyuma ningeanza na hiyo.

Pima mguu wako kwa ndani, kutoka msamba hadi kisigino, ukiwa umevaa buti utakazoendeshea. Namba ya kiti peke yake inadanganya, kiti kipana kinapanua mapaja na miguu inapungua urefu. Kisha dukani usiishie kuikalia. Shuka, shika usukani, irudishe nyuma hatua kumi kama unayeitoa maegeshoni. Nami goti linanisumbua. Angalia vigingi vya miguu visiwe juu na nyuma sana, utakaa umelikunja safari nzima.

Lami_Ndefu
Nakubaliana na wote ila msimpeleke dada kwenye 125. Kujifunzia sawa. Lakini nusu ya njia yake ni barabara kuu, na 125 kule inapiga kelele hadi mwisho huku malori yanakupita kwa nyuma yakikuvuta na upepo wake. Mtu mpya kwenye hali hiyo anachanganyikiwa. Kuanzia 250 hadi 400 unabaki na akiba ya kukuondoa mahali pabaya.

Njia_Nyembamba
Mkuu hapo umenena. Nafuta ushauri wa 125 niliotaka kumwandikia.

Muuguzi_Zamu
Nimefanya kazi ya kupokea majeruhi miaka mingi, na mwenyewe naendesha. Mtu akianguka hutanguliza mikono. Nimetoa kokoto moja moja kwenye viganja vya watu waliokuwa wakienda dukani tu, mwendo mdogo, bila glavu. Na kwa umri wetu dada, mfupa hauungi haraka kama wa kijana wa miaka 20.

Tenga fedha ya mavazi kabla hujaanza kuhesabu ya pikipiki, usingoje kitakachobaki. Helmeti iwe ya uso mzima, mpya, yenye alama ya ubora inayotambulika kwenu, kama ECE 22.06. Ikae kwa kubana mashavu; ukiitikisa, ngozi ya uso iende nayo. Ikishagonga chini kichwa kikiwa ndani, imemaliza kazi yake. Kisha glavu, jaketi lenye kinga za viwiko na mabega, suruali nzito na buti zinazofunika kifundo. Ukapime na macho pia, hasa ya kuona usiku, mwanga wa taa za magari unatusumbua kuliko zamani bila sisi kujua.

Spana_12
Fundi hapa. Mpya au iliyotumika? Kwa anayeanza nashauri iliyotumika. Mwombe mwenye nayo asiiwashe kabla hujafika, ukifika gusa injini. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini, maana inayosumbua kuwaka asubuhi hupashwa kwanza ili mnunuzi asijue. Pitisha kidole kwenye chuma kinachong'aa cha shokapu za mbele, ukikuta oili ujue sili zimekufa. Vuta cheni kwa nyuma pale kwenye sproketi kubwa. Ikiachana na meno, vyote viwili vimekwisha. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani huwa gumu hata kama meno yake bado yamejaa.

Mikwaruzo kwenye ncha za leva isikutishe. Usukani uliopinda ndio wa kuukimbia.

MamaWawili
Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba.

Nilijiandikisha mafunzo, saa 16. Siku ya pili niliiangusha ile 125 ya mwalimu nikizunguka duara: nilikazia macho koni badala ya kutazama ninakokwenda, nikaenda kwenye koni moja kwa moja. Mwalimu hakunisaidia. Aliniambia niipe mgongo, nikalie ubavu wa kiti, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma, magoti yakunjwe, kisha nisukume kwa miguu nikirudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo. Ikasimama! Goti halikuuma. Nilikuwa natetemeka, lakini tangu hapo nikaacha kuiogopa.

Nikarudi dukani kuiona ile nyeusi. Safari hii nilifanya alivyosema Sentimita155, nikaishika na kuirudisha nyuma. Hatua ya tatu ilianza kulala upande wangu, muuzaji akaidaka. Nikamshukuru, nikatoka.

Nimenunua Rebel 300 yenye ABS, iliyotumika, mwenyewe alikuwa mmoja tu. Injini niliikuta ya baridi, shokapu kavu. Mume wangu ndiye aliyenichagulia jaketi, la rangi ya kuonekana mbali. Jumapili alfajiri nimekwenda hadi kazini na kurudi, barabara ikiwa tupu. Injini ilinizimikia mara mbili kwenye taa.

Swali moja: vidole vya mkono wa kushoto vinaniuma hadi jioni, hasa kwenye foleni. Ni kawaida?

Mkufunzi_Pole
Hongera sana dada! Mkono utakomaa, lakini usiuache uteseke. Legeza leva ya klachi uizungushe kidogo kwenda chini, mpaka kifundo cha mkono kinyooke unapoishika. Ncha ya leva iwe na mchezo wa kama sentimita moja hadi mbili kabla haijakaza. Na kwenye taa usikae umeibana muda wote. Subiri gari la nyuma lisimame kabisa, ulione kwenye kioo, ndipo uweke nyutro.

Spana_12
Na waya wa klachi upate oili, huenda umekauka. Nati ya kushikilia leva mara nyingi ni spana namba 8 au 10. Usiifungue yote, ilegeze tu mpaka leva ikubali kuzunguka.