Natafuta nahodha anayemjua mtumbuu, Tanga mjini

Binti Chumbageni
Habari zenu wana Tanga. Nimekulia Chumbageni, sasa naishi Dodoma. Mwanangu ana miaka 12. Marehemu babu yake alimsimulia sana habari za mtumbuu, yule samaki mwembamba wa domo refu kama sindano, akamuahidi kumpeleka kumvua, Mungu akamchukua kabla. Ahadi imebaki kwangu. Likizo ya Juni tunashuka. Pasaka nilifika dikoni, pale wavuvi wanapoegesha vyombo, kijana mmoja akaniambia, "Panda tu mama, samaki wote sawa." Sikupanda. Nataka mtu aliyemvua mtumbuu hasa, si wa kuzungusha wageni visiwani. Nimpateje, na nimuulize nini nijue ni fundi?

Mzee wa Mshipi
Mwanangu, umefanya vyema kutopanda. Nimevua Sahare tangu 1979 mpaka magoti yaliponikatalia. Samaki wote si sawa.

Muulize kwanza tofauti ya mtumbuu na chuchunge. Chuchunge mdomo wa chini ni mrefu, wa juu kama umekatwa. Huyo ni chambo kizuri cha nguru. Mtumbuu yote miwili mirefu, meno tele. Akiwachanganya, mshukuru ushike njia. Kisha muulize chambo anakiweka wapi. Akisema chini mwambani, huyo ni wa changu na chewa. Mtumbuu yuko juu juu. Anawekewa kipande chembamba cha samaki, chelezo, na waya kidogo kabla ya ndoana, maana nailoni anaikata. Na akidaka msivute! Domo lake ni mfupa mtupu, ndoana haina pa kushika. Mwacheni aende nacho, akigeuze, akimeze, ndipo mkaze. Mtoto mwambie mapema, mkono wa mtoto una haraka.

La tatu muulize ukimtazama usoni: usiku atakubali kumchukua mtoto? Mwaka 1994 tulikuwa tunavua dagaa kwa karabai, giza la mwezi. Mtumbuu akaifuata taa, akaruka, akamchoma mwenzangu begani, ncha ikavunjikia ndani. Tulipiga kasia mpaka pwani huku nimemkandamiza kanga ya mkewe aliyofungia chakula. Alipona, lakini mkono ule hakuuinua tena juu ya bega. Kwa hiyo nahodha anayemjua samaki huyu atakwambia mtoto hatoki usiku, na tochi haimulikwi majini. Asiyekwambia hivyo, hata kama boti yake mpya, mwache.

Juni ni msimu wa upepo wa kusi. Nje ya ghuba kumechafuka. Ndani, upande wa kisiwa cha Toten, siku nyingine panapitika alfajiri mpaka saa tatu hivi. Desemba, kaskazi ikishaingia, ndiyo ningekushauri. Na akikwambia "leo hatutoki" baada ya safari yote ile ya Dodoma, usimkasirikie. Mnunulie chai, huyo ndiye.

Kumpata: fika diko la Sahare asubuhi vyombo vikirudi, uwaulize akina mama wakaanga samaki. Wao wanajua nani huleta mtumbuu na nani huleta maneno. Halafu pita kwa watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, wakuthibitishie leseni na namba ya chombo. Toten, Tongoni na Kigombe ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, ipo tangu 2009 na ina taratibu zake, ulizeni kwanza.

Mdigo wa Houston
Shikamoo mzee. Mimi wa Mwarongo, niko Texas. Huku mto Trinity kuna samaki anaitwa gar. Domo kama la mtumbuu lakini wa maji baridi, wala si ndugu yake. Wale wakubwa wanapita mita 2 na kilo 100. Aliyeniongoza alinifunza kitu: kipande cha kamba ya nailoni ukichambue nyuzi nyuzi, bila ndoana. Meno yananasa yenyewe. Nilipokuja nyumbani 2022 nikamjaribia mtumbuu, ikakubali. Ila dada, kama mnamrudisha majini, mchomoeni nyuzi zote. Ukiacha, domo linabaki limefungwa, anakufa na njaa. Nahodha asiyejali hilo mimi nisingempa mwanangu.

Mzee wa Mshipi
Marahaba. Hiyo ya kamba sijaijaribu, lakini kwa meno yale inaingia akilini.

Binti Chumbageni
Ahsanteni sana. Tumesogeza mpaka Desemba, mtoto amelia kidogo ila ameelewa. Anauliza: babu alisema mifupa ya mtumbuu ni ya kijani. Kweli? Na analiwa?

Mzee wa Mshipi
Kweli kabisa, kijani kama jani la mgomba, hata akishapikwa. Ni rangi tu, haina sumu. Babu yake alimwambia sawasawa. Mkaangeni na ndimu, mifupa amwekee mwalimu wake akaione. Na mje na jaketi la kuokolea la saizi yake, vyomboni mengi ni ya watu wazima.