Wakuu, nilipe nusu iliyobaki au niahirishe shoo?

Mwenye Ukumbi: Habari za jioni wakuu. Nina ukumbi hapa Masasi, watu 400 wakibanana. Agosti nilimpa msanii wa singeli wa Dar advansi ya milioni 2.5, shoo iwe Jumamosi ya baada ya mnada wa kwanza wa korosho. Sasa meneja wake anataka milioni 2.5 iliyobaki kabla gari halijawashwa. Mkataba ni meseji tu. Nifanyeje? Mabango nimebandika mpaka Nachingwea.

Kiberenge: Mnada kupita siyo hela kuingia. Mkulima anayeuza kupitia MAMCU, chama kikuu cha ushirika cha Masasi na Mtwara, atasubiri siku kadhaa akaunti isome. Sogeza wiki mbili.

Mwenye Ukumbi: Mabango yana tarehe mkuu.

Bi Shangani: Singeli ya nini? Lete taarabu, kina mama tujae tutunze.

Mzee wa Jenereta: Mei 2024 Kimbunga Hidaya kimekata barabara pale Somanga, mimi Lindi nimeshauza tiketi, bendi iko ng'ambo inakula pweza kwa hela yangu. Watu wakaondoka na viti vyangu 31 vya plastiki. Mpaka leo nikienda msibani navitambua, vina doa la rangi ya bluu mguuni. Navikalia, nanyamaza.

Bi Shangani: 😂😂 Pole babu.

Kalamu Nyekundu: Kiingilio?

Mwenye Ukumbi: Elfu kumi.

Kalamu Nyekundu: Ukijaza ni milioni 4. Msanii milioni 5, bado kibali, ada ya hakimiliki ya muziki, dizeli. Halafu Agosti mikorosho iko kwenye maua, nani Masasi ana milioni 2.5 mkononi? Hii chai.

Kiberenge: Chai ya tangawizi kabisa.

Mwenye Ukumbi: Siyo chai! Faida iko kwenye bia.

Kalamu Nyekundu: Advansi ilitoka wapi?

Mwenye Ukumbi: Akiba.

Kalamu Nyekundu: Akiba ya nani?

Mwenye Ukumbi: Kangomba, ile biashara ya korosho ya kificho nje ya mnada. Niliuza korosho za bi mkubwa zikiwa bado mtini, magunia 26, kila kilo kwa shilingi 1,200. Nitarudisha shoo ikilipa. Na msiniite mwizi, shamba lenyewe napalilia mimi.

Mzee wa Jenereta: Mama anajua?

Mwenye Ukumbi: Leo asubuhi kanituma chama cha msingi nikamchukulie magunia matupu 30. Nimemletea.

Mwenye Ukumbi: Meneja anapiga tena. Nilipe au nisilipe?