Wana Makorora Uingereza: barua ya kamera

*Ijumaa, 20 Juni 2025*

Baba Salma 18:42
Wapendwa, barua ya polisi imeingia. Kamera, Jumamosi tarehe 7 Juni, maili 38 kwa saa kwenye barabara ya kikomo cha 30. Jina ni langu, ila siku hiyo gari alikuwa nalo Kassim. Fomu nijaze vipi?

Kassim 18:44
Ni mimi kweli, Baba Salma. Samahani sana. Nitumie namba ya malipo niilipe hiyo pauni 100 leo leo yaishe.

Ami Rashid 18:53
Hailipiki bado, Kassim. Hapa si Bongo, deni likae kwenye namba ya gari na mwenye simu yeyote alilipe. Huku faini ya maegesho ndiyo inamfuata mwenye gari. Kosa la mwendo ni la dereva, na polisi mpaka dakika hii hawamjui dereva.

Shemeji, bahasha hiyo ina mambo mawili yaliyokunjwa pamoja. Kuna NIP, taarifa kwamba wanakusudia kushtaki. Na kuna amri ya kumtaja dereva, chini ya kifungu cha 172 cha sheria ya barabarani ya 1988. Kinachokuhusu wewe ni hicho cha pili. Hujashtakiwa kwa mwendo. Unaulizwa swali moja: nani alishika usukani?

Bi Zuhura 18:58
Wanangu, kwani lazima awe Kassim? Mtoto leseni yenyewe ndiyo kwanza ina mwaka. Si muandikeni Hamisi, alikuwepo hapo siku hiyo na tarehe 9 keshapanda ndege zake kurudi Tanga. Watamfuata Makorora?

Mama Salma 18:59
Shikamoo shangazi. Hata mimi wazo hilo limenipitia 🙈

Ami Rashid 19:09
Shikamoo shangazi. Kwa heshima zote, hilo liache, na kwanza tusiliandike humu, maana ujumbe wa simu nao ni ushahidi.

Kudanganya kwenye fomu ile si kosa la barabarani tena. Ni kuharibu mkondo wa haki, kesi ya mahakama kuu ya jinai, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Hakuna anayepewa maisha kwa ajili ya kamera, lakini jela watu wanakwenda. Chris Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati, alinaswa na kamera kwenye barabara kuu ya M11 mwaka 2003, pointi za adhabu kwenye leseni zikachukuliwa na mkewe Vicky Pryce. Ndoa ikavunjika, siri ikatoka, na Machi 2013 kila mmoja akahukumiwa miezi 8. Miaka 10 imepita, kwa pointi 3.

Na "dereva karudi nyumbani ng'ambo" ni jibu ambalo polisi wamelisikia mpaka wamelikariri. Wakilipata wanaweza kuandika tena: tuonyeshe kwamba mtu huyo yupo, aliingia lini, alitoka lini, na bima yake iko wapi.

Bi Zuhura 19:11
Marahaba. Basi nimenyamaza.

Wifi Neema 19:16
Hapo kwenye bima ndipo pabaya zaidi. Mama Salma, kwenye bima ya gari lenu nani wameandikwa?

Mama Salma 19:17
Baba Salma, mimi, na Kassim. Kassim tulimwongeza Januari.

Wifi Neema 19:25
Mjomba Hamisi hayumo. Maana yake mkimtaja, mmejiandikia wenyewe kwamba Baba Salma alimpa gari mtu asiye na bima. Hilo ni kosa la mwenye gari kuruhusu, na kusema "nilidhani bima inamhusu" hakukuokoi. Pointi 6 mpaka 8 na faini isiyo na kikomo ikifika mahakamani. Mnakimbia pointi 3 za Kassim mnaangukia 6 za Baba Salma, bila hata kuhesabu uongo wenyewe.

Mgeni kuendesha kwa leseni ya Tanzania au Kenya kwa miezi 12 tangu aingie, ruksa. Ila leseni si bima. Tunazichanganya sana.

Kassim 19:27
Nimeelewa. Nitajwe mimi. Lakini leseni yangu ina miezi 14. Nimesikia ndani ya miaka 2 ya kwanza wanakunyang'anya?

Ami Rashid 19:38
Wanaifuta ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 tangu ulipofaulu mtihani mara ya kwanza. Unarudi leseni ya mwanafunzi, unafanya upya nadharia na barabarani. Lakini tazama hesabu yako. Kosa la kawaida la mwendo ni pauni 100 na pointi 3. Tatu hazikufuti.

Na pengine hata hizo 3 hutazipata. Kwenye barabara ya 30, wengi wa polisi hutoa kozi ya mwendo kwa aliyenaswa kati ya 35 na 42. Wewe una 38. Kanuni wanayotumia: kiwango pamoja na asilimia 10 yake, jumlisha 2 ndipo wanapoanza kuandika, jumlisha 9 ndipo kozi inapokoma. Sharti jingine usiwe umefanya kozi ya namna hiyo ndani ya miaka 3. Kozi unailipia, bei inatofautiana kwa eneo, na ukiimaliza hakuna pointi wala faini. Si haki yako kuidai, wao ndio wanaochagua kukupa.

Kitakachokufuta leseni ni kutojibu. Baba Salma akikutaja, utaletewa barua yako mwenyewe, yenye siku 28 zako mwenyewe. Ukiiacha mezani, kosa linakuwa la kifungu cha 172: pointi 6 kwa mkupuo na faini mpaka pauni 1,000. Sita zako hizo.

Kassim 19:40
Kwa hiyo barua ni mbaya kuliko kamera 😅

Ami Rashid 19:42
Mara mbili yake. Na kwenye leseni inaingia kwa herufi MS90, ambayo kampuni za bima huitazama kwa jicho baya kuliko SP30 ya mwendo. SP30 inasema ulikimbiza gari. MS90 wanaisoma kama una jambo unalificha.

Baba Salma 19:46
Siku 28 naanzia wapi? Barua ina tarehe 12 Juni, mimi nimeiona leo.

Ami Rashid 19:57
Siku uliyoiona haihesabiwi. Kama imetumwa Alhamisi tarehe 12 kwa posta ya daraja la kwanza, sheria inachukulia imefika siku ya pili ya kazi baadaye, yaani Jumatatu tarehe 16. Siku ya kufika ndiyo siku ya kwanza. Kwa hiyo ya 28 inaangukia Jumapili, 13 Julai. Usingoje huko. Fomu inatakiwa IWE IMEFIKA kwao, si iwe imetoka kwako.

Kuna hesabu nyingine, ya siku 14, ndiyo inayowachanganya watu. Hiyo ni ya polisi: NIP ya kwanza lazima imfikie mwenye gari aliyeandikwa kwenye kadi ya gari ndani ya siku 14 tangu kosa, siku ya kosa haimo. Kwenu mwisho ulikuwa tarehe 21, imefika 16, wako sawa. Barua itakayomfuata Kassim haina hiyo 14, kwa hiyo asije akasema "imenichelewa".

Na hata NIP ingechelewa, jibu la nani dereva unatoa vilevile. Kuchelewa ni utetezi wa kesi ya mwendo. Hakufuti wajibu wa kumtaja mtu.

Mwanaidi 20:03
Jamani naomba nidandie hapo hapo. Wenye gari wakiwa wawili, wamepokezana usukani njia nzima ya barabara kuu ya M6, na kwa dhati hawajui nani alikuwa anaendesha dakika ile?

Wifi Neema 20:14
Kuna utetezi, ila mlango wake mwembamba. Mwenye gari lazima aionyeshe mahakama kwamba hakujua NA kwamba hata kwa kufuatilia kwa bidii ya kawaida asingeweza kujua. "Sijui" peke yake ni sawa na kutojibu. Hiyo bidii iwe kwenye karatasi: risiti za mafuta na chai, saa mliyosimama, miamala ya kadi ya benki, ramani ya safari iliyobaki kwenye simu, nani alipigiwa simu saa ngapi. Mara nyingi ukivipanga kwa saa, dereva anajitokeza mwenyewe.

Omba na picha pia. Andika kwamba unaziomba ili zikusaidie kumtambua dereva. Polisi wengi wanazo mtandaoni, unaingia na namba ya kumbukumbu iliyo kwenye barua. Ila kamera nyingi hupiga nyuma ya gari, utaona buti na namba, hutaona uso. Na kuomba picha HAKUSIMAMISHI siku 28. Wengi wameliwa hapo, wanangoja picha na saa inakwenda.

Mwanaidi 20:15
Na gari la ofisi?

Wifi Neema 20:19
Utaratibu ni ule ule, barua inaanza kwa kampuni au kwa wakodishaji, wao wanamtaja aliyekabidhiwa, naye anamtaja dereva. Mlolongo unaweza kula wiki kadhaa. Polisi wana miezi 6 tangu siku ya kosa kuanzisha kesi ya mwendo.

Shemeji Bakari 20:24
Habari za jioni wote. Nami niulize la gari lililokwisha kuuzwa. Barua inakuja kwa mwenye zamani.

Ami Rashid 20:33
Salama shemeji. Hapo unajibu kwenye fomu ile ile, pana sehemu ya "sikuwa na gari tarehe hiyo". Unaandika jina na anwani ya mnunuzi na tarehe ya kuuza, unaambatisha nakala ya risiti na barua ya DVLA, idara ya leseni na usajili wa magari, ya kuthibitisha kwamba si lako tena. Asiyewajulisha DVLA siku ile ile aliyouza ndiye anayetaabika, maana kadi ya gari, ile V5C, bado inamsema yeye.

Na la anwani ni ndugu yake. Ukihama usipobadilisha V5C, barua zinakwenda nyumba ya zamani, siku 28 zinapita, kesi inasikilizwa nawe haupo, unagundua una pointi 6 pale bima inapopanda. Ikitokea hivyo, kuna kiapo kinachofanyika mahakamani au mbele ya wakili kwamba hukujua kesi ilikuwepo. Kinafanywa ndani ya siku 21 tangu ujue. Kikikubaliwa hukumu inafutwa na kesi inaanza mwanzo. Hakifuti kosa, kinakurudisha kwenye mstari.

Shemeji Bakari 20:34
Ahsante sana.

Baba Salma 20:41
Nimeshika kalamu. Kassim ajaze sehemu yake, mimi nitume?

Ami Rashid 20:48
Hapana! Hilo kosa la kila siku. Fomu ina jina lako, unaijaza wewe peke yako. Kassim akijiandikia humo "mimi ndiye dereva", wewe mwenyewe unabaki hujajibu. Yeye angoje yake.

Unachagua sehemu ya "mtu mwingine alikuwa anaendesha". Jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni, anwani anayolala sasa pamoja na posikodi, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya leseni kama anakupa. Basi. Usiandike hadithi pembeni. Kwamba alikuwa anawahi, kwamba kibao cha 30 kimefunikwa na mti, hapo si mahali pake. Kama Kassim ana ubishi na kamera, atausemea kwenye hatua yake.

Kassim, nawe usibishe kwa kujaribu bahati. Ukipeleka mahakamani na kushindwa, faini inapimwa kwa kipato chako cha wiki, na gharama zinaongezwa juu. Kozi inakuwa imeondoka mezani.

Kassim 20:50
Sibishi ami. Kozi naipokea kwa mikono miwili.

Mama Salma 20:52
Kuna ujumbe umeingia kwenye simu yangu pia, "lipa faini ya mwendo ndani ya saa 24", una kiungo. Ndiyo hiyo hiyo?

Wifi Neema 20:53
Utapeli. Usibonyeze. NIP yenu imekuja kwa posta, na hata hiyo haijaomba pesa.

Baba Salma 21:17
📷 *Picha*
Nimemaliza. Ami, kagua kabla sijafunga bahasha.

Ami Rashid 21:24
Jina la Kassim sawa. Tarehe ya kuzaliwa sawa. Posikodi ya Kassim, herufi ya mwisho ni B au 8? Iandike upya juu yake kwa herufi kubwa, barua yake ikipotea itakuwa shida nyingine.

Na chini kabisa kulia, kile kisanduku kirefu. Kitupu.

Baba Salma 21:25
Si nimeandika jina juu?

Ami Rashid 21:27
Jina si saini, shemeji. Fomu isiyosainiwa wanaihesabu haijajibiwa. Kurasa nzima umeijaza vizuri halafu unapata pointi 6 kwa kisanduku hicho. Tia saini na tarehe ya leo.

Baba Salma 21:31
📷 *Picha*
Haya. Saini, tarehe, posikodi nimeirudia.

Ami Rashid 21:34
Hapo sawa. Piga picha kurasa zote mbili ubaki nazo. Kesho usiitumbukize kwenye sanduku la barabarani, ingia posta, mwambie mtu wa dirishani akupe cheti cha kutuma. Ni bure. Kibandike kwenye barua yao.

Bi Zuhura 21:36
Na Hamisi kanipigia sasa hivi, anauliza kwa nini anatajwa tajwa humu. Nimemwambia alale.