Wacheza goma walipwe mshahara kama wacheza bale, au ngoma ibaki ya mtaa?

FUNDI WA LANGONI
Assalaam aleikum jamaa. Nina swali, ila naomba mnivumilie maana naanzia mbali. Naanzia kwenye bale.

Wanaonijua hunicheka. Mwanamke wa Lamu, ashona madera na kanzu za harusi, simu kaiegesha kwenye cherehani anatazama watu wanaosimama kwa ncha za vidole. Ugonjwa huu nimeupata utotoni. Mama alikuwa akipiga pasi kwenye nyumba ya Waitaliano kule Malindi, na mwenye nyumba alikuwa na rafu nzima ya kanda za video. Siku za mvua nilikaa sakafuni nikatazama Swan Lake, ile ya msichana aliyerogwa akageuka bata maji. Kuna pahali yule mlaghai wa nguo nyeusi anazunguka kwa mguu mmoja mara 32, na mguu aliousimamia hauhami. Nilikuwa nahesabu kwa kunde, moja kila mzunguko, nikadhani nimekosea, narudisha kanda nyuma. Yule bibi akaniambia kwa majivuno kwamba aliyeitia mizunguko hiyo kwenye Swan Lake, huko Urusi mwaka 1895, alikuwa Mwitaliano mwenzake, Pierina Legnani, na kwamba Warusi walimkodolea macho mpaka siri wakaijua.

Sasa swali. Kaunti ianzishe kikosi cha ngoma cha kudumu? Wacheza goma, ile ngoma ya safu na bakora, na kirumbizi, ile ya kupigana fimbo, waajiriwe, walipwe kila mwezi, wafanye mazoezi kila asubuhi, kama karani au mwalimu? Mswada hakuna, msije mkasema nimesikia jambo. Nauliza mimi.

Mimi nasema waajiriwe. Watu hudhani mcheza bale analipwa kwa yale masaa mawili ya jukwaani. Analipwa kwa asubuhi. Kila siku, hata awe nyota, anashika ule ufito wa ukutani na kuanza kukunja magoti polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Bila asubuhi hizo hakuna usiku. Ufaransa walilifahamu hilo zamani: mfalme Louis wa 14 alianzisha chuo cha dansi mwaka 1661, na malipo ya uzeeni ya wasanii wa Opera ya Paris yana asili yake mwaka 1698. Mpaka leo mchezaji wao anastaafu akiwa na miaka 42. Serikali ilipotaka kuyagusa malipo hayo, Desemba 2019, waligoma. Mkesha wa Krismasi wasichana wakatoka nje na nguo zao nyeupe wakacheza kipande cha Swan Lake mbele ya jumba la Palais Garnier, kwenye baridi, watu wamesimama barabarani wanatazama. Nimeitazama ile video sijui mara ngapi. Mtu anagomea pensheni yake kwa kucheza!

Na sisi? Mpwa wangu hucheza kirumbizi. Mwaka juzi kundi lao liliitwa kwenye hoteli moja, sitaitaja. Wakaambiwa wafike saa kumi. Wakacheza saa mbili usiku. Masaa yote hayo wamekaa nyuma ya jiko juu ya kreti za soda. Zamu yao ilipofika wakaambiwa dakika kumi na tano tu, wageni wana njaa. Wakapewa mia tano kila mtu, na mzee wa zumari naye mia tano. Asubuhi yake mpwa wangu akaniletea kanzu imepasuka kwapani. Nilimshonea bure, lakini kitambaa cha kiraka peke yake kilikula nusu ya ile pesa.

MZEE WA MKOMANI
Wa aleikum salaam, mwanangu. Habari ya hoteli imeniuma. Hata hivyo sikubaliani nawe.

Goma haikuzaliwa jukwaani. Mfungo Sita, siku za Maulidi, watu wanajipanga safu, kanzu zimepigwa pasi, bakora mkononi, wanakwenda na kurudi kwa utulivu kama maji ya bamvua yanavyoingia mkondoni. Pale mtu amesimama kwa kuwa babake alisimama. Siku akiudhiwa hasimami, na mji mzima utajua kwamba fulani hakusimama na kwa nini. Ukimlipa mshahara, umenunua ule uwezo wake wa kukataa.

Wewe umetuletea Paris, mimi nakuletea Guinea. Keïta Fodéba alianzia huko huko Paris mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kundi lake, Les Ballets Africains. Guinea ilipojitawala mwaka 1958 likawa kundi la taifa, likazunguka dunia, likapigiwa makofi kila mji. Wakati huo huo serikali ya Sékou Touré ilikuwa ikituma watu kwenye vijiji vya msituni kuyatoa hadharani mabarakoa ya jadi na kuyachoma moto, eti ni ushirikina. Kijijini barakoa ni haramu, jukwaani barakoa ni fahari ya nchi! Na Keïta mwenyewe, aliyefika kuwa waziri, alikamatwa mwaka 1969 na hakutoka hai gerezani. Anayelipa ndiye anayechagua wimbo.

NAHODHA
Bahari ikichafuka hatuna hata njia nzuri ya kumfikisha mgonjwa hospitali kubwa, nyie mwataka kuajiri wacheza kirumbizi. Napita tu.

FUNDI WA LANGONI
Nahodha, usipite, funga kamba kwanza. Cuba si nchi tajiri. Alicia Alonso alianzisha kundi lake la bale Havana mwaka 1948, na baada ya mapinduzi ya 1959 serikali ikalilea, shida zao zote zikiwepo. Hawakungoja njaa iishe kwanza. Kweli wachezaji wao wengi wamekimbilia nje, hilo silifichi. Lakini wamekimbia wakiwa wachezaji. Wa kwetu wanakimbilia bodaboda.

Mzee wangu, ya Guinea umenishika pabaya. Nipe nafasi niyatafune.

ABU SWALEHEINI
Dada, samahani, bale yenyewe si ndiyo ile wanaume wamevaa suruali za kubana mpaka mtu anaona haya? Ndiyo mfano wa kuletwa Lamu?

FUNDI WA LANGONI
Ami, mimi ni fundi, natazama mishono. Na miguu. Unajua kile kiatu hakina mbao ndani? Ile ncha ni vitambaa na karatasi, vimepakwa gundi tabaka juu ya tabaka mpaka vikawa vigumu. Kinatengenezwa kwa mkono, na mchezaji hushona utepe wake mwenyewe, hamwachii mtu, maana ukishonwa nywele moja pembeni kifundo kitamsaliti. Kisha anakipondaponda, anakikunja, anakikwaruza soli, na huenda onyesho moja tu kikawa kimelainika, hakifai. Nimewahi kujaribu kukiiga kwa kanji na magunia. Nilichopata ni kitu cha kuzuilia mlango.

Na kwa kuwa umegusa mavazi: miaka na miaka kiatu hicho kilikuwa cha waridi, rangi ya ngozi ya wenyewe. Wachezaji weusi walikuwa wakikipaka poda ya uso kila mara, jozi baada ya jozi, mpaka kifanane na mguu. Freed of London, watengenezaji wa viatu hivyo, walianza kuuza vya kahawia mwaka 2018, wakishirikiana na Ballet Black, kundi la bale la wachezaji weusi na wa asili ya Asia. Kwa hiyo nami nayaona makosa ya bale, ami. Ninachoomba ni utaratibu wao wa asubuhi, suruali wabaki nazo.

BINTI SHELA
Nyote mwazungumza, na nyote mmesahau nusu ya mji. Goma, kirumbizi, kanzu, bakora. Wanawake je?

Vugo, ngoma yetu wanawake ya harusini, hamwezi kuiweka jukwaani. Zile pembe zikianza kugongwa na mwimbishaji akatoa fumbo lake, kila aliyemo ndani anajua limeelekezwa kwa nani. Mweke mwanamume mmoja safu ya mbele, fumbo linakufa, mnabaki mnagonga pembe. Chakacha hali kadhalika. Harusi za siku hizi simu zinakusanywa mlangoni kwenye kikapu, kuna mama kakaa nacho mapajani kama kakalia dhahabu, na bado watu wanapenyeza. Sasa kaunti ije na kikosi, na kamera, na mgeni rasmi?

Lakini Babu wa Mkomani naye nimkosoe kwa adabu. Pesa unaizungumza kama mgeni aliyeshuka na ndege. Pesa ilikuwemo siku zote. Mwimbishaji mzuri anatafutwa na analipwa, na akiimba vizuri anatunzwa, noti zinabandikwa kipajini. Wazee wenyewe husimulia enzi za beni, mtaa na mtaa ukishindana kwa ngoma na kulisha watu mpaka wengine wakabaki na madeni. Hiyo haikuwa pesa?

MZEE WA MKOMANI
Ilikuwa pesa, binti yangu, nakiri. Lakini ilitoka mfukoni mwa jirani. Jirani akikutunza leo, kesho wewe utamtunza mwanawe. Mshahara hauna mwanawe.

MWANACHUO
Nasoma Nairobi, naongeza machache. Kikosi cha kuajiriwa si kitu kipya Kenya: Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971 na imekuwa na wachezaji ambao hiyo ndiyo kazi yao. Na bale yenyewe haiko mbali kama mnavyodhani. Francesca Hayward, ambaye ni mchezaji mkuu wa Royal Ballet kule London tangu 2016, amezaliwa Nairobi. Alihamia Uingereza akiwa mdogo, na bale aliipendea kwa babu na bibi yake, akitazama kanda ya The Nutcracker.

FUNDI WA LANGONI
Kanda ya video nayo! Ningelikuwa na miguu mizuri sijui ningelikuwa wapi saa hizi.

Haya, nimetafuna. Binti Shela, ngoma za ndani zibaki ndani, sikuzifikiria na nimeona aibu, maana mimi ndiye nishonaye nguo za kuchezea. Mzee, ya Guinea nayo imenisogeza. Sitaki kikosi cha mgeni rasmi, wachezaji wanapelekwa uwanja wa ndege kumchezea waziri.

Ila ya asubuhi siiachi. Bale ina namna zake za kuandika hatua kwenye karatasi, na bado mchezaji akifundishwa jukumu kubwa anafundishwa na aliyelicheza kabla yake, anamshika bega, anamwambia hapa usiharakishe. Tofauti ni kwamba anayefundisha pale analipwa. Sisi tunamtegemea mzee awe na siku njema na kijana awe hana kibarua. Mpwa wangu amejifunza kirumbizi kwa kutazama, na mwenyewe anasema kuna mapigo wazee waliyajua ambayo yeye hanayo mkononi. Basi tuache wachezaji. Tuwalipe wanaofundisha. Na wa kwanza awe mpiga zumari.

MZEE WA MKOMANI
Kwa nini zumari?

FUNDI WA LANGONI
Kwa sababu mcheza goma akikosekana mmoja safu inajazwa. Zumari likikosekana, ngoma za vumi na chapuo zitalia lakini hakuna wa kuwaongoza. Mtaani kwetu ni yule mzee mmoja, yule wa mia tano, ana miaka sabini na kitu, na nyuma yake simwoni mtu. Umeshamtazama kwa karibu? Mashavu yamejaa kama samaki bunju, anavuta pumzi puani huku mdomo haujaacha kupuliza, wimbo haukatiki hata kidogo. Nilimwuliza ilimchukua muda gani kujua kuvuta pumzi vile. Akasema alianza kwa kupuliza mrija kwenye gilasi ya maji, mapovu yasikatike, na mamake akimfukuza jikoni.

MZEE WA MKOMANI
Namjua. Mwalimu wake alikuwa mkali zaidi, na hakumlipisha.

FUNDI WA LANGONI
Hakumlipisha kwa sababu alikuwa na jahazi lake, mzee wangu. Huyu hana hata mtumbwi.

MZEE WA MKOMANI
Hilo ni kweli. Basi kwa mwalimu wa zumari nakubali alipwe. Lakini alipwe na sisi wa mitaa, tuchange, Langoni na Mkomani. Kaunti isiingizwe.

NAHODHA
Mkichanga mniambie. Mwanangu wa pili kazi yake kupiga mluzi tangu asubuhi, mapafu anayo.