Naomba ushauri: notisi za Historia kwa mwanafunzi asiyeona

Wakuu, habari zenu. Nafundisha Historia kidato cha pili, na nina binti asiyeona darasani. Kwenye kompyuta anatumia NVDA, programu ya bure inayosoma maandishi ya skrini kwa sauti. Kwenye simu anatumia TalkBack, inayofanya kazi hiyohiyo. Ni mwepesi kweli wa kuzitumia.

Shida ni notisi. Nyingi tulizonazo shuleni ni PDF za kuskani, yaani picha za kurasa, na programu haiwezi kuzisoma. Nimeanza kuzichapa upya kwenye Word, vichwa naviweka kwa mtindo wa Heading ili aruke mada hadi mada kwa kubonyeza H. Hilo limemsaidia sana.

Ninapokwama ni ramani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, niieleze vipi kwa maneno bila kumchosha wala kumnyima wanachokiona wenzake? Nianze na mwelekeo au na miji?

Pia, anayejua programu nzuri ya kugeuza picha kuwa maandishi ya Kiswahili bila kuvuruga majina ya mahali, naomba aitaje. Mtihani umekaribia, nami nataka ajisomee mwenyewe.